Gitaa la umeme: nyuzi zinazovutika kirahisi na bado sauti imeiva

Karibuni tena, ndugu zangu. Gitaa lililoko mapajani mwangu leo ni la binti yangu, na kamera kaishika yeye mwenyewe. Picha ikitikisika mjue mwenye mali anaogopea mali yake.

Sikilizeni kwanza lilivyo. Hizi ni nyuzi za 11. Sauti nene, imeshiba, mimi naipenda. Sasa tazama navuta uzi wa tatu hapa freti ya tisa, kile chuma cha tisa shingoni; kuvuta ni kuusukuma uzi kwa upande ili noti ipande. Mmeona kidole kilivyobadilika rangi? Mimi ni mtu mzima, vidole vimeota sugu. Binti akivuta hapa noti inakwama katikati, haifiki inakokwenda, na baada ya nusu saa mkono unauma. Anataka kile kilio cha bluzi, noti inayopanda polepole kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Sisi tuliolelewa na dansi, gitaa la solo tulilicheza kwa kudonoa, uzi unaguswa na kuachwa, kuvuta kulikuwa kwa nadra. Ndiyo maana wazee wengi hawaoni shida na nyuzi nzito. Vijana wa siku hizi, hasa wapigaji wa kanisani, wanavuta kila mstari.

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi: ukitaka ulaini utapata sauti nyembamba, ukitaka sauti iliyoiva vumilia maumivu. Nilikosea kuwaambia hivyo, na video hii nimeirekodi ili nirekebishe. Ni mambo mawili tofauti, na unaweza kuyachagua kila moja peke yake.

Tuanze na namba. Kwenye pakiti ukiona 9, ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote: sehemu 9 za elfu moja ya inchi, kama milimita 0.23. Wa 10 ni 0.25, wa 11 ni 0.28. Mtu anasema, tofauti ya unywele tu! Sawa, lakini mvuto wa uzi unakwenda na unene ukizidishwa kwa wenyewe. Kwenye gitaa la shingo ndefu kama hili, la inchi 25 na nusu, uzi wa kwanza wa 11 unavutwa kwa karibu kilo 9. Wa 10 ni kilo 7 na kidogo. Wa 9 haufiki kilo 6. Yaani kutoka 11 kuja 9 umempunguzia mtoto theluthi nzima ya mzigo. Na umbali wa kuvuta ni uleule! Kidole kinasafiri vilevile, kinachopungua ni nguvu. Gitaa lako likiwa la shingo fupi, inchi 24 na robo tatu, mizigo yote hiyo inapungua tena kama asilimia 6, kwa hiyo wenye magitaa hayo mnaweza kubaki na za 10 bila kuteseka.

Kuna njia nyingine, kushusha gitaa zima nusu sauti, yaani kila uzi ushuke kwa noti ya freti moja. Inaondoa kama asilimia 11 ya mvuto. Stevie Ray Vaughan, yule mpigaji bluzi wa Marekani, alifunga nyuzi nene sana, uzi wa kwanza ukiwa 13, lakini gitaa akalishusha nusu sauti. Ni njia nzuri kama unapiga peke yako. Kwenye bendi yenye kinanda na tarumbeta utagombana na watu.

Sasa kuiva kwa sauti. Sogea, mwanangu, waone pakiti. Hapo. Nyuzi tatu nyembamba, kwenye karibu kila seti, ni chuma kitupu, hazina cha kuzungushiwa. Zile tatu nene ndizo zimezungushiwa waya, na madini ya ule waya ndiyo yanayobadilisha sauti. Seti nyingi madukani zimezungushiwa chuma kilichopakwa nikeli, sauti yake inang'aa kiasi. Chuma kisichoshika kutu kinang'aa zaidi, kinakata sikio. Nikeli tupu, tafuta kwenye pakiti maneno Pure Nickel, ndiyo yenye sauti laini, ya mviringo, ile ya rekodi za zamani. Mimi hapo ndipo nyumbani kwangu.

Kwa hiyo cha kufanya: kwa sauti za juu weka nyuzi nyembamba zivutike, kwa sauti za chini weka nene, za nikeli tupu. Si uvumbuzi wangu. Seti iliyotengenezwa kwa jina la B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, inaanza na 10 inaishia 54. Juu nyepesi, chini nzito kabisa. Binti nimemchukulia 9 mpaka 46, nikeli tupu.

Mitego miwili dukani, nisikilizeni. Wa kwanza: uzi wa tatu. Seti za 11 na 12 za wapigaji wa jazi mara nyingi zina uzi wa tatu uliozungushiwa waya. Usinunue kama unataka kuvuta! Ule kiini chake cha ndani ni chembamba, unausukuma mpaka karibu na ukingo wa shingo na sauti haijapanda kitu. Uzi wa tatu uwe mtupu. Pakiti huandika herufi baada ya namba: p ni uzi mtupu, w ni uliozungushiwa. Unataka 16p au 17p. Mtego wa pili: utapewa nyuzi za shaba nyeusi, za gitaa kavu, kwa sababu ndizo zilizopo. Pikapu, kile kinachonasa sauti ya nyuzi, ni sumaku, shaba nyeusi haiitikii sumaku, kwa hiyo nyuzi zako tatu nene zitasikika kwa mbali kama jirani anapiga. Uliza wazi: "Za gitaa la umeme?"

Haya, tufunge. Kutoa za zamani mnajua, legeza, kata, toa. Mimi natoa mmojammoja na kufunga mmojammoja, kwa sababu daraja la gitaa hili, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, linaelea juu ya springi. Uzi wa sita unapita nyuma, unatokea hapa, unapanda mpaka kwenye ufunguo wake wa kutyunia. Acha urefu wa ziada wa vidole vitatu.

Sasa SIMAMENI HAPA. Usikate. Weka plaizi chini, usikate kwanza.

Baadhi ya nyuzi hizi za nikeli tupu zina kiini cha duara. Zile za kawaida kiini kina kona sita, zile kona zinaung'ata waya wa juu usiteleze. Kiini cha duara hakina kinachong'ata. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa juu unalegea kwa ndani, huoni kitu, unafunga, unapiga, na uzi umekufa. Unasema "dup". Nimeua hivyo uzi wa sita na wa tano wa seti moja, siku moja kabla ya harusi, na duka limeshafungwa. Nikadhani amplifaya imeharibika!

Kwa hiyo kunja kwanza. Hivi, pembe kali kabisa, kama kona ya kitabu, pale pa kuingia kwenye tundu la ufunguo. Umekunja? Sasa kata mbele ya mkunjo. Mkunjo ubaki kwenye uzi wako. Kunja, halafu kata. Hata kama hujui kiini chako ni cha aina gani, kunja, halafu kata. Haikugharimu chochote.

Mizunguko miwili na nusu kwa nyuzi nene, mitatu hivi kwa nyembamba, ikishuka chini, isipandane. Wa tano, hivyohivyo. Kunja, kata. Wa nne…

"Baba, daraja limelala."

Ngoja. Leta kamera. Kweli, hebu oneni, mimi sikuliona. Daraja lilikuwa limeinuka kidogo nyuma, sasa limelalia mwili wa gitaa. Hii ni kwa sababu springi zile za nyuma zilizoea kushindana na nyuzi za 11. Nyuzi mpya zina nguvu kidogo, springi zinashinda, daraja linavutwa chini, nyuzi zinagusa freti na kuanza kuzomea. Wengi hapa wanaamini nyuzi mpya ni mbovu, wanazirudisha dukani. Tunamaliza kwanza nyuzi zote, tunatyuni, halafu tunageuza gitaa.

Zimekwisha. Geuza. Skrubu hizi mbili zinashika bamba la springi. Bisibisi, zilegeze nusu mzunguko kila moja, sawasawa. Geuza, tyuni upya. Angalia. Bado. Nusu nyingine, tyuni upya. Ni kazi ya subira, usizungushe mara tano kwa hasira. Nataka nyuma ya daraja pawe na uwazi wa milimita 3 hivi… Sasa limekaa.

Na shingo? Mzigo umepungua, nayo inajinyoosha. Kesho yake ukisikia kuzomea kwenye freti za mwanzo, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki, robo mzunguko, halafu subiri. Leo siigusi.

Uzi mpya unalegea, kwa hiyo uvute taratibu kwa kidole katikati, tyuni, vuta, tyuni, mara tatu au nne. Huu wa tatu mmeusikia, "tik"? Umebanwa kwenye kile kipande cha mfupa juu ya shingo. Penseli ya kawaida: paka ile risasi yake ndani ya mfereji. Umetulia.

Amplifaya. Sipandishi besi, nimeacha kila kitu katikati, pikapu ya shingoni, kifundo cha toni nimekirudisha kidogo tu. Sikilizeni za chini… mnasikia? Si nyembamba hata kidogo. Kwangu zile za 11 zilikuwa na kishindo zaidi ukipiga kwa nguvu, hilo nalikubali. Lakini mkono mwepesi unazitosha hizi. Ukizipiga kama unapiga mkeka vumbi zitapanda sauti na kushuka, zitaonekana hazijatyuniwa.

Kitu kimoja kwa wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: jasho letu na hewa ya chumvi. Kitambaa kikavu, futa kila uzi juu na chini yake, kila ukimaliza kupiga.

Mwanangu, weka kamera kwenye stuli, njoo ukae hapa. Uzi wa tatu, freti ya tisa. Tumia vidole vitatu pamoja, zungusha kiganja, usisukume kwa kidole kimoja. Polepole. Panda… panda… hiyo hapo imefika! Shikilia. Ngoja nichukue gitaa kavu nikupigie rithimu, tuanze na La (A).