Kila mstari na jua lake: mazungumzo na vijana wanaotengeneza posta za matangazo, Mbeya

Haya jamani, wa huko nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, na baridi hii ya Mbeya mtu anakaaje mlangoni. Mi sijaja na slaidi nyingi, nimekuja na neno moja tu, MAMA, lile pale ukutani, tutalivalisha efekti, yaani mapambo ya maandishi kama kivuli na dhahabu, na kulivua mpaka mchoke.

Wangapi mmewahi kuangalia vizuri vibao vya zamani vya maduka, vile vya brashi? Fundi alikuwa anaandika jina la duka halafu anavuta kivuli cheusi chini kulia, herufi zote kivuli upande huo huo, hamna inayokataa. Sasa njoo kwenye posta zetu za WhatsApp, jina la bibi harusi kivuli kimeenda kushoto, tarehe kimeenda kulia, namba ya kutuma mchango kivuli kiko juu, yaani kila mstari una jua lake. Anayeangalia hajui kosa ni nini, ila anasema tu hii kitu haijakaa.

Kwa hiyo kabla hujagusa efekti yoyote amua jua liko wapi. Mi naliweka juu kushoto. Kwenye Photoshop, ile programu ya kompyuta ya kutengeneza picha, ukiandika nyuzi 120 ndo huko huko, na kuna kaboksi kanaitwa Global Light, kawekee tiki, vivuli vyote vitafuata jua moja. Kwenye GIMP, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, unaandika X na Y, zote mbili zikiwa chanya kivuli kinaenda kulia na chini, basi.

Halafu jifunzeni kutengeneza kivuli kwa mkono, msicheke. Photoshop ilitoka 1990, leya, yaani matabaka ya picha yanayolaliana, zikaja 1994, na efekti za leya za kubonyeza tu zimekuja 1998, kabla ya hapo watu walikuwa wananakili maandishi, nakala wanaijaza nyeusi, wanaififisha kingo kwa blur, wanaisogeza kidogo, wanaiweka chini ya ile ya kwanza na kupunguza weusi. Hatua hizo hizo zinafanya kazi kwenye programu yoyote yenye leya na blur, kwa hiyo ukishazijua hata ukikutana na kompyuta ya mtu huulizi kitufe kiko wapi.

Sasa dhahabu, maana kila mteja wa kadi ya send-off anataka dhahabu. Dhahabu sio njano! Ukijaza njano umepata rangi ya dumu la mafuta ya kula. Angalieni bati jipya asubuhi ukungu ukiondoka mlima Loleza na jua likapiga, bati halina rangi moja, kuna mstari mweupe unaoumiza macho na hapo hapo pembeni yake giza. Ndo hivyo hivyo. Gradienti, yaani rangi inayobadilika kutoka juu ya herufi mpaka chini, inaanza juu na kahawia, inapanda taratibu kwenda njano, inafika karibu na nyeupe kwenye asilimia 48, halafu kwenye 52 unaiangusha ghafla kwenye kahawia iliyokolea, ndo inapanda tena njano mpaka chini. Huo mwanguko wa asilimia 4 ndo siri yote, ukiulainisha dhahabu inakuwa uji wa ulezi. Malizia na beveli nyembamba, yaani kingo za herufi zionekane zimeinuka, taa yake juu kushoto kama tulivyokubaliana, na fonti iwe nene, ile ya mwandiko wa maharusi ni nyembamba mno, gradienti haina pa kukaa.

Mi mwenyewe nilishaaibika. Send-off ya mdogo wangu, nikaweka jina lake na ule mng'ao wa bluu kama taa za baa, kwenye kioo ilikuwa moto, bango likatoka bluu ya sare ya shule iliyofuliwa miaka mitatu. Kosa langu, sio la waliochapa. Kioo kinatoa mwanga chenyewe, printa ina wino tu, sian, majenta, njano na nyeusi, karatasi haiwezi kuwaka. Kazi ya kuchapwa angalia kwanza kwenye CMYK, yaani rangi za hizo wino nne, usiamini macho usiku.

Na saizi. Posta ya simu ya pikseli 1080 kivuli cha pikseli 5 kinaonekana vizuri tu, ila A4 ya kuchapa ni 2480 kwa 3508 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, pikseli 5 hapo hazifiki hata nusu milimita, kivuli kimekufa. Anza na saizi ya mwisho, usije ukakuza baadaye.

Dada pale anauliza, kama huna kompyuta? PixelLab, app ya maandishi kwenye simu, inakupa kivuli na gradienti, anza nayo. Mwenye kompyuta hela hana, GIMP ni bure tangu vijana wawili wa chuo kule Berkeley waianzishe 1995. Kaka mwenye jaketi jekundu, washa mashine yako, tuanze na MAMA, na kwanza uniambie jua unaliweka wapi.