Kura Zipo, Tiketi Ndiyo Haipo

Nitasema lile lile ninalosema kila mara, walioshanisikia wanivumilie. Wapiga kura wa Kenya hawakatai wanawake. Wanaowakataa ni vyama.

Najua mtaniambia utamaduni. Haya, tuufuate huko unakosemwa una nguvu, kwa wafugaji. Mbunge wa Kajiado Mashariki, 2013: Peris Tobiko. Ijara, 2017: Sophia Abdi Noor. Samburu Magharibi, mwaka huo huo: Naisula Lesuuda. Walipigiwa kura na nani, majini?

Shida ni mchujo wa vyama. Dada amezunguka mwaka mzima, bodaboda wote wanamjua, halafu usiku wa chama kutoa vyeti vya ugombea anaitwa pembeni: "Mama, mwachie huyu kijana, wewe tutakuangalia kwenye viti vya kuteuliwa." Mama! Mwanamume wa umri wake anaitwa mheshimiwa kabla hajalipa hata ada. Au anaambiwa aende kwa "kiti chenu", kile cha mwakilishi wa kike. Hapo ndipo ninapokasirika. Kiti hicho ni cha kaunti nzima! Nairobi ina maeneo bunge 17, Kakamega 12. Mwanamke anaaminiwa kusaka kura kote huko, kwa petroli yake na mabango yake, ila eneo bunge moja kama Kasarani litamshinda?

Mtasema kwenye kiti hicho wanawake wanashindana wao kwa wao. Sawa. Gladys Wanga alikaa kwenye kiti hicho Homa Bay mihula miwili, 2022 akawashinda wanaume kwa ugavana. Kawira Mwangaza wa Meru naye alitoka kiti hicho hicho, akakwepa mchujo kabisa, akawania kama mgombea huru, akashinda. Kuondolewa kwake ugavana baadaye na Seneti ni mhadhara mwingine, msinichokoze.

Wanawake waliochaguliwa katika maeneo bunge 290 walikuwa 16 mwaka 2013, na 23 mwaka 2017. Mwaka 2022 tukafika kama mmoja kwa kumi, watu wakapiga vigelegele.

Nilitaka kugusia pesa, na matusi ya mitandaoni, na ile kanuni ya jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, iliyomfanya Jaji Mkuu Maraga amshauri Rais avunje Bunge mwaka 2020. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi shikeni hili: ukinyang'anywa cheti, lalamika kwanza kwa chama, kwa maandishi, ubaki na nakala. Ukienda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa bila ushahidi kwamba ulianzia chamani, utarudishwa mlangoni, na siku za kuwasilisha majina zinayoyoma. Haya, maswali.