Fox ya Atlanta: Jumba la Maonyesho Lililookolewa na Watu Wake

Assalaam alaykum, watazamaji wangu wa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na popote mlipo. Leo ninazungumza nanyi nikiwa katika mtaa wa Peachtree, jijini Atlanta, na jengo hili mnaloliona nyuma yangu, lenye makuba, mnara na kuta za matofali ya mistari ya rangi mbili, si msikiti, ingawa siku ya kwanza nilipolipita kwa basi niliamini kabisa kwamba ni msikiti. Ni jumba la maonyesho, na jina lake ni Fox.

Waliolianzisha ni wanachama wa Shriners, chama cha udugu cha Wamarekani, watu waliopenda kuiga majengo ya Andalusia na Misri, na walikusudia liwe makao yao. Fedha zilipowaelemea wakalikodisha kwa William Fox, tajiri wa filamu, likafunguliwa kama sinema tarehe 25 Desemba 1929, miezi miwili tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka. Kwa hali ile ya uchumi halikuweza kusimama. Mwaka 1932 lilikwisha kufungwa, ingawa baadaye lilifunguliwa tena.

Ndani kuna viti zaidi ya 4,600, lakini macho hayakai kwenye viti. Ukiinua kichwa unaona anga ya usiku yenye nyota zinazometameta, na kuta zimejengwa kama kuta za ngome, hata unajihisi umekaa uani wakati wa magharibi. Juu ya roshani limetandazwa kama turubai kubwa la mistari, mfano wa hema la Waarabu wa jangwani. Mtu anaweza kuapa kwamba ni kitambaa, kumbe ni plasta iliyoshikiliwa na vyuma. Upande wa jukwaa kuna kinanda cha Möller chenye mabomba 3,622, ambacho kilikuwa kimenyamaza kwa miaka mingi hadi fundi Joe Patten alipokifufua mwaka 1963.

Sasa naomba mnifuate nje, upande wa barabara ya Ponce de Leon, kwa sababu bila ya kufika hapa ningekuwa nimewapa nusu ya habari. Ngazi hizi zinazopanda juu ubavuni mwa jengo ndizo walizotumia Wamarekani Weusi. Hawakuruhusiwa kupita mlango mkuu wala kukaa na wengine. Walilipa tikiti zao, wakapanda kwa nje, wakaketi juu kabisa, mahali palipotengwa kwa ajili yao, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1962. Mimi ni mwanamke mweusi ninayeingia leo kwa mlango wa mbele, na kila nikija hapa huanza kwa kuzitazama ngazi hizi. Ninafurahi kwamba hazikuvunjwa, kwani jengo lililotengenezwa upya halafu likafutiwa aibu yake lingekuwa linawadanganya watoto wetu.

Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya simu ya Southern Bell ilitaka kulinunua jumba hili, ilibomoe na kujenga makao yake makuu. Wananchi walipinga kwa nguvu, wakaunda shirika lisilo la faida liitwalo Atlanta Landmarks mwaka 1975, na jiji likakataa kutoa kibali cha kubomoa. Baada ya mazungumzo marefu kampuni ilikubali kujenga mnara wake kando, na shirika likachukua mkopo wa dola milioni 1.8 ambao ilibidi ulipwe ndani ya miaka michache. Wanamuziki walipiga maonyesho ya kuchangia, watu wa kawaida wakatoa walichokuwa nacho, na mwaka 1978 deni likamalizika kabla ya muda wake.

Kwa maoni yangu, uzuri peke yake usingelilinda jumba hili. Lililolilinda ni kwamba halikai bure. Yanakuja maonyesho ya Broadway, zinafanyika harusi katika kumbi zake za pembeni, na wakati wa kiangazi huonyeshwa filamu ambazo hutanguliwa na kinanda kile huku ukumbi mzima ukiimba pamoja. Mwanangu alijifunza nyimbo kadhaa za nchi hii humo ndani, amekaa baina ya mimi na bibi mmoja tusiyemjua aliyekuwa akimwonyesha maneno kwa kidole. Isitoshe, tangu mwaka 2008 Fox ina taasisi inayozisaidia kumbi kongwe za miji midogo ya Georgia, na ina mafundi wake wenyewe wa ukarabati, ambao huchunguza rangi na picha za zamani kabla ya kugusa ukuta wowote.

Hilo la picha ndilo lililonifanya niwakumbuke ninyi. Pale Vuga, Unguja, ipo sinema ya Majestic, iliyojengwa mwaka 1955 mahali ilipoungua sinema ya Royal, na wazee wetu wengi waliingia humo siku za sikukuu wakiwa wamevaa nguo mpya. Ikiwa nyumbani kwenu mna picha iliyopigwa ndani yake, hata kama imefifia na inaonyesha tu kipande cha ukuta nyuma ya bibi arusi, tafadhali msiitupe. Andikeni nyuma yake mwaka na majina ya waliomo, kisha mnitumie nakala.