Kutoka vitabu vya hobi mpaka vitabu vya majoka

Asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee kuhusu maisha yangu ya kusoma, najua wengi mnategemea nianze na riwaya nzito nzito, ila ukweli ni kwamba mimi nimekuzwa na vitabu vya hobi, vile vinavyomfundisha mtu asiyejua kitu: kufunga mafundo ya kamba, kucheza chesi, kutambua ndege, kuzijua nyota. Watu wanavidharau eti sio kusoma kwenyewe, na hilo sikubali kabisa.

Cha nyota ndo kilinikamata. Mwandishi hakuanza na mahesabu, alianza na mkono wako: nyoosha mkono, kunja ngumi, hiyo ngumi inafunika kama digrii 10 za anga, na kidole cha mwisho kama digrii 1. Basi, kipimo unacho tayari. Halafu tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, ndo mkanda wa Orion, lile kundi la nyota linaloitwa Mwindaji, ufuate ule mstari upande mmoja unafika Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, geuka uende upande wa pili unaikuta Aldebaran ina wekundu fulani hivi, songa tena kidogo na Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, hicho hapo. Na usiwashe simu ovyo, macho yanataka kama nusu saa kuzoea giza, ukijimulika unaanza upya. Yaani kila sentensi ina kazi, hakuna ya kujionyesha, na haikufanyi ujione mjinga. Kuandika hivyo ni kugumu jamani, nyie jaribuni.

Sasa kitabu hichohicho kinakwambia lile doa hafifu la Andromeda unaloliona kwa macho matupu ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, na mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 2 na nusu mpaka kukufikia. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mwanga uliotoka kabla hata binadamu wa aina yetu hawajakuwepo! Mtu ukishalipokea hilo, joka linaloongea halikusumbui tena, na naamini ndo ilivyokuwa rahisi kwangu kuvuka kwenda fantasia, yaani hadithi za uchawi na majoka.

Wengi wanaikimbia fantasia kwa sababu ya ramani na majina marefu, mimi vilikuwa havinitishi kwa sababu vitabu vya hobi vilishanizoesha kuingia mahali sijui chochote na kutulia mpaka nielewe. Tolkien, yule mwandishi wa riwaya ya fantasia The Hobbit ya 1937, alikuwa profesa wa lugha kule Oxford, na lugha za watu wa hadithi zake alikuwa ameanza kuzitunga kabla ya hadithi zenyewe. Mi naona hiyo ni hobi kabisa, ya mtu aliyeipenda kupita kiasi.

Ila moyo wangu uko kwa mwandishi Ursula K. Le Guin na riwaya yake A Wizard of Earthsea, ya 1968. Mle ndani mchawi hawezi kukiamuru kitu mpaka ajue jina lake la kweli, kwa hiyo wanafunzi wanapelekwa kwenye mnara kukariri orodha za majina, na ikifika usiku wa manane wino unafutika, karatasi inabaki nyeupe. Niliposoma pale nilisisimka, maana ndo kazi ileile ya kujifunza ndege na nyota, unakaa na majina mpaka yakuingie. Na uchawi wake una gharama, ukigusa kitu kimoja mizani ya dunia nzima inatikisika. Fantasia ambayo shujaa anaweza lolote wakati wowote huwa inanichosha mapema sana, naiacha.

Kama hujawahi kusoma fantasia anza na hicho, ni kifupi, ramani usiikariri, iangalie tu pale wanaposafiri. Na kama fantasia huitaki kabisa, nenda kachukue kitabu chembamba cha hobi yoyote inayokuvutia na usome mpaka mwisho hata kama hutaifanya hiyo hobi, mimi cha mafundo ya kamba bado nakirudia na sina hata mashua. Haya, maswali.