Kisukari, Macho na Chupa za Vitamini

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za asubuhi.

Nianze na ile chupa, maana najua wengi mnayo nyumbani: vidonge "vya macho", na bei yake si mchezo. Vingi vinafuata mchanganyiko uliotokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2001: vitamini C, vitamini E, beta-karotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), zinki na shaba. Ulisaidia kweli, ila kwa ugonjwa mwingine, ule wa kuchakaa uzeeni kwa kitovu cha retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Na kama unavuta sigara, beta-karotini ya vidonge iache kabisa. Inaongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Ya kisukari ni mengine. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, kuta za mishipa myembamba ya retina hulegea. Mingine inavuja, mingine inaziba. Retina ikikosa oksijeni, jicho linaotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka na kumwaga damu ndani. Na haya yote huanza bila maumivu, unasoma gazeti vizuri tu!

Waliotegemea vitamini E walikuwa na hoja, kwani sukari nyingi huzalisha kemikali zinazodhuru seli, na vitamini hiyo huzizima. Ikajaribiwa kwa watu zaidi ya 3,600 wenye kisukari, kwa miaka kadhaa. Haikupunguza matatizo ya moyo wala ya mishipa midogo. Lakini kudhibiti sukari kwa ukaribu, katika utafiti wa mwaka 1993 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, kulipunguza uwezekano wa retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Mimi sijaona chupa yenye uwezo huo.

Mtaniuliza karoti na vitamini A yake. Vitamini A ikikosekana mwilini, hasa kwa watoto, inapofusha. Lakini mtu mzima anayekula mchicha na matembele mara kwa mara, vitamini hiyo haiko mbali naye. Vitamini ninayowahimiza mumuulize daktari ni B12, kwa mliotumia metformin, ile dawa ya kisukari, muda mrefu. Dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake, na ganzi ya miguu mnayoisingizia sukari huenda imechangiwa na upungufu huo.

Hela ya chupa itumieni kwa kipimo cha retina, kila mwaka. Mtawekewa matone ya kupanua mboni, na mtaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo msije mnaendesha bodaboda wenyewe.