Kanzu Nyeupe na Balaa la Jiki

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie kufua, kuanika na kupiga pasi. Yote nitayagusa, ila naanza na jiki, maana hapo ndipo nguo nyingi zinapofia.

Kanzu nyeupe ikianza kuwa njano kolani, mtu anatia jiki. Ikizidi, anaongeza jiki. Jamani, acheni! Tazama ndoo yako ya maji ya kisima: ukiona imeshika rangi ya kahawia kwa ndani, maji hayo yana madini ya chuma. Yakichotwa ni meupe kabisa. Ukitia jiki, klorini inaigeuza ile chuma iliyoyeyuka kuwa kutu, na kutu inanasa kwenye nyuzi. Hapo hung'arishi kanzu, unaitia kutu kwa mkono wako.

Na ile njano ya kolani ni jasho na mafuta ya mwili. Lowesha kola kwa maji ya uvuguvugu, paka sabuni ya mche, sugua kola kwa kola, iache nusu saa, kisha ufue. Maji ya moto yanaligandisha jasho. Pasi nayo hivyo hivyo: usiipitishe juu ya doa.

Kutu iliyokwisha kuingia inatolewa kwa limau na chumvi: paka, subiri, suuza. Lakini kwanza hakikisha jiki yote imetoka, suuza hata mara tatu. Jiki ikikutana na limau au siki inatoa gesi ya sumu. Hili silisemi kwa kutisha watu. Bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari kweli.

Mtaniambia, mbona mama zetu walitia jiki na mashuka yakawa meupe? Yalikuwa pamba tupu. Pamba inaivumilia, ikichanganywa kwanza kwenye maji baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hariri na sufu zinaliwa nayo. Hujui kitambaa chako? Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, uchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Hariri na sufu zinanuka nywele. Poliesta inayeyuka, inaganda kidonge kigumu.

Kanga mpya: chumvi haizuii rangi kuchuja. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, uianike kivulini, ndani nje.

Sweta lisitundikwe kambani, uzito wa maji unalivuta. Lilaze juu ya taulo.

Muda umekwisha, basi pasi kwa haraka. Zile nukta za kwenye pasi na lebo ya nguo ni za moto: moja ni kama nyuzi joto 110, mbili 150, tatu 200. Poliesta moja, hariri na sufu mbili, pamba tatu, nayo ingali na unyevu. Anza na nguo za moto mdogo, kwa sababu pasi hupata moto upesi kuliko inavyopoa. Wenye pasi ya mkaa, pulizeni majivu nje kwanza, kisha ijaribuni juu ya kitambaa kikuukuu cha pamba kilicholowa kabla haijagusa kanzu.