Mgonjwa wa Mailoma Anaporudi na Dawa Mpya Mwilini

ZUHURA: Karibuni. Leo tunazungumza na wenzetu wa saratani na magonjwa ya damu, na pia daktari wa zamu anayempokea usiku mgonjwa wa mailoma, saratani ya seli za plazma za uloto, aliyetibiwa India, Uingereza au Ghuba. Mimi ni Zuhura, niko na Daktari Musa.

MUSA: Asante, Dada Zuhura. Niseme mapema: dawa hizi mpya haziishi kazi siku sindano ya mwisho inapochomwa. Daratumumabu, kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya mailoma, huvuruga vipimo vya damu hadi miezi 6 baadaye. Teklistamabu, inayozielekeza seli za kinga kwenye mailoma, huiacha kinga ikiwa chini kwa muda mrefu. Asiyejua hilo atasoma majibu ya maabara kinyume, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

ZUHURA: Matokeo kwanza, ili ieleweke kwa nini dawa hizi zinatolewa pamoja na usumbufu wake wote.

MUSA: Utafiti wa PERSEUS ulikuwa na wagonjwa 709 waliofaa kupandikizwa uloto. Kundi moja lilipata bortezomibu, lenalidomidi na deksamethasoni; jingine dawa hizohizo pamoja na daratumumabu. Kufikia miezi 48, asilimia 84.3 ya waliopata dawa nne walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, wenzao asilimia 67.7. IMROZ uliwachukua wasiopandikizwa, hadi umri wa miaka 80, ukaongeza isatuksimabu: miezi 60, asilimia 63.2 dhidi ya 45.2. Daratumumabu na isatuksimabu zote mbili hushika CD38, protini iliyojaa juu ya seli ya mailoma. Kwa hiyo mgonjwa anayetoka kituo kikubwa siku hizi, mchukulie kuwa amepata kingamwili ya CD38 mpaka faili lake liseme vingine.

ZUHURA: Twende benki ya damu, maana simu za usiku huanzia huko. Hemoglobini ni 6, mgonjwa anahema, maabara wanasema hawapati uniti hata moja inayolingana naye.

MUSA: CD38 imo kidogo kwenye chembe nyekundu za kila mtu. Daratumumabu iliyo kwenye plazma ya mgonjwa inazishika chembe za mtoaji damu, na inapofika hatua ya Coombs, kipimo kinachofichua kingamwili zilizoshika chembe, zinashikamana zote. Inaonekana kana kwamba mgonjwa ana kingamwili dhidi ya kila damu iliyopo. Hana. Na kundi la ABO na RhD linasomeka sawasawa, halibadiliki.

ZUHURA: Kosa linalofuata ni kudhani damu yake inajivunja yenyewe. Anaanzishiwa steroidi, uongezaji damu unaahirishwa, na asubuhi moyo umeshaanza kushindwa.

MUSA: Maabara yenye kemikali ya DTT iziloweshe chembe za kupimia kwa DTT ya mola 0.2. Kemikali hiyo inaivunja CD38, na kipimo kinarudi kusomeka. Lakini inavunja pia antijeni za Kell, alama nyingine za chembe nyekundu ambazo K ni mojawapo, kwa hiyo kingamwili ya anti-K ikiwepo haitaonekana. Toa uniti zisizo na K. Kwetu hilo si gumu, kwa sababu antijeni ya K ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika.

ZUHURA: Na pasipo DTT?

MUSA: Kama hali ni ya dharura, toa damu inayolingana kwa ABO na RhD bila kungoja Coombs, mkae naye kitandani dakika 15 za mwanzo kama kawaida. Kama si dharura, tafuta majibu ya antijeni zake yaliyopimwa kabla ya dozi ya kwanza. Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya daratumumabu kuingia, pima kundi, pima kingamwili, pima antijeni za chembe nyekundu, na mgonjwa apewe kadi ya kubeba. Akiwa ameongezewa damu ndani ya miezi 3, kipimo cha antijeni kitachanganya chembe zake na za mtoaji. Hapo ni jenetiki tu inayotoa jibu la kuaminika.

ZUHURA: Elektroforesisi nayo, kipimo kinachotenganisha protini za damu kuutafuta mkanda wa mailoma?

MUSA: Daratumumabu yenyewe ni kingamwili ya aina ya IgG kapa. Inaweza kuchora mkanda mwembamba. Ikiwa ugonjwa wa awali ulikuwa IgA au lamda, mkanda huo si wa ugonjwa. Ikiwa ulikuwa IgG kapa, usitangaze kwamba ugonjwa umerudi kwa mkanda hafifu peke yake. Angalia minyororo myepesi huru, yaani vipande vya kingamwili vilivyo peke yake kwenye damu, angalia uloto, na kama kuna maabara yenye kipimo cha kuusogeza mkanda wa dawa, peleka huko.

ZUHURA: Sasa teklistamabu. Mkono mmoja unashika BCMA, protini ya seli ya mailoma, mwingine CD3 ya seli T, askari wa kinga, na seli T inaua. Katika MajesTEC-1, wagonjwa 165 waliokwisha kupitia matibabu mengi, asilimia 63 waliitikia.

MUSA: Na asilimia 76 walipata maambukizi, zaidi ya nusu ya hao yakiwa makali. Mimi namba hizi mbili sizitenganishi kamwe.

ZUHURA: Tuanze na dozi, kwa mfamasia anayesikiliza. Ngazi ya kwanza ni miligramu 0.06 kwa kilo, siku ya 1. Ya pili ni 0.3, siku ya 4. Dozi kamili ni 1.5, siku ya 7. Chini ya ngozi, na baada ya kila moja ya hizo tatu mgonjwa hukaa wodini saa 48. Hatari iko kwenye vichupa: kimoja kina miligramu 10 kwa mililita, kingine 90. Mtu wa kilo 70 katika ngazi ya pili anahitaji miligramu 21, yaani mililita 2.1 za kichupa hafifu. Ujazo huohuo ukivutwa kwenye kichupa kikali ni miligramu 189, mara 9 ya dozi. Vihifadhiwe rafu tofauti, na watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake.

MUSA: Na mgonjwa akivuka siku 7 baada ya ngazi ya kwanza bila kupata ya pili, anarudi mwanzo.

ZUHURA: Homa ikija?

MUSA: Dhoruba ya saitokini, yaani kinga kulipuka kupita kiasi, hutokea zaidi katika dozi hizo za mwanzo, kwa kawaida kama siku 2 baada ya sindano. Homa ikiambatana na presha kushuka au oksijeni kupungua, mpe tosilizumabu, dawa ya kuituliza dhoruba, miligramu 8 kwa kilo kwa dripu ya saa 1, isizidi miligramu 800. Iwe imeshafika wodini kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Wakati huohuo otesha damu maabara kutafuta vijidudu, anza antibayotiki, na huku kwetu pima malaria. Dhoruba na sepsisi haziachani kwa kumtazama mgonjwa kwa macho. Lakini homa ya mwezi wa tatu au wa nne, huyo ana maambukizi mpaka uthibitishe vingine.

ZUHURA: Kinga anayotakiwa kuwa nayo?

MUSA: Asikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku, kuzuia mkanda wa jeshi. Septrini miligramu 960 mara tatu kwa wiki. Pima IgG, kingamwili kuu ya damu, kila mwezi. Ikiwa chini ya gramu 4 kwa lita, imunoglobulini ya mshipa gramu 0.4 kwa kilo kila wiki 4, yaani gramu 28 kwa mtu wa kilo 70. Hapa kuna mtego: mwenye mailoma ya IgG anaweza kuwa na jumla ya gramu 12, na 10 kati yake ni protini ya ugonjwa. Ondoa hiyo kwanza. Kilichobaki, gramu 2, ndicho kinga yake halisi.

ZUHURA: Homa ya ini aina ya B nayo hupuuzwa sana.

MUSA: Sana, na inaua. Pima HBsAg, protini ya ganda la kirusi, na kingamwili ya kiini cha kirusi kabla ya daratumumabu na kabla ya teklistamabu, pamoja na VVU na kifua kikuu. Baada ya kuanza imunoglobulini, kingamwili hiyo inaweza kuwa imetoka kwa mtoaji, kwa hiyo kipimo cha baadaye kinapotosha. Mwenye HBsAg apewe kinga ya dawa. Kwa figo za mailoma, entekaviri kwa dozi iliyorekebishwa ni salama kuliko tenofoviri ya kawaida.

ZUHURA: Neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Zikionekana chache, dozi zinaahirishwa bure.

MUSA: Waafrika wengi hawana antijeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na neutrofili zao ziko chini kiasili bila maambukizi kuongezeka. Mtu ambaye neutrofili kwenye FBP zake za zamani, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, zilikuwa 1.3, leo ana 1.1, ukimwahirishia lenalidomidi wiki baada ya wiki umempunguzia matibabu bila sababu. Tafuta FBP za kabla ya ugonjwa.

ZUHURA: Aliyepata CAR-T, yaani seli T zake mwenyewe zilizobadilishwa maabara zikarudishwa mwilini?

MUSA: Huyo damu yake hubaki chini kwa wiki au miezi, na uniti zake zipigwe mionzi angalau miezi 3 ya kwanza. Baada ya silta-seli, aina mojawapo ya CAR-T, angalia uso uliopinda upande mmoja wiki za mwanzo, na baadaye mwendo mzito, mwandiko unaopungua, sura isiyochangamka. Ukiona hayo, piga simu kituo kilichomtibu siku hiyohiyo. Usimwanzishie dawa za Parkinson ukamrudisha nyumbani.

ZUHURA: Na msafiri anayeulizwa kadi ya homa ya manjano uwanja wa ndege?

MUSA: Chanjo hiyo ina kirusi hai. Aliye kwenye teklistamabu, au aliyepata CAR-T karibuni, asichanjwe. Aandikiwe cheti cha msamaha wa kitabibu chenye sahihi na muhuri kabla ya kukata tiketi, na aulize ubalozi kama nchi anayokwenda inakikubali. Ndugu anaoishi nao wanaruhusiwa kuchanjwa.